Kiti Hiki Kilizaliwa kwa Kazi Gani?

Swali la msomaji: "Mimi ni mfasiri, nafanyia kazi nyumbani saa saba hadi nane kwa siku. Nimepata chumba changu mwenyewe, mita 3 kwa mita 2.6, chenye dirisha moja na meza ya mbao yenye kimo cha sentimita 75. Navipenda sana viti vya wabunifu wa miaka ya 1950. Nataka kuweka Tulip mbele ya meza, na kile kiti cha ngozi cha Eames chenye stuli ya miguu nikiweke pembeni kwa kusomea. Mume wangu anasema nitaumia mgongo. Je, mtu anaweza kweli kufanyia kazi kwenye viti hivi, au ni vya kutazama tu? Na nikinunua vilivyotumika, nitajuaje kwamba ni halisi?"

Dada, mumeo yuko sahihi kuhusu Tulip, ila asivihukumu viti vyote vya enzi ile. Miongoni mwa viti vya miaka ya 1950 na 1960 vimo vilivyobuniwa kwa watu wa kazi kama yako, watu wa kushinda mezani, na baadhi yake vinatengenezwa hadi leo. Kwa bahati mbaya hivyo sivyo vinavyopigwa picha sana.

Kazi yangu ni kukarabati viti vya wakati huo na kuwapangia watu vyumba vya kuvitumia. Mteja akiniletea picha ya kiti anachokitamani, jambo la kwanza tunalotafuta pamoja ni kazi ambayo kiti hicho kilizaliwa nayo. Wabunifu wale hawakuketi kubuni kiti cha matumizi yote. Nyuma ya viti vingi kuna jengo, kuna aliyeagiza, na kuna mkao uliokusudiwa. Arne Jacobsen alibuni Ant, jina lenye maana ya mdudu chungu, mwaka 1952 kwa ajili ya kantini ya kampuni ya dawa ya Novo nchini Denmark. Ni kiti chepesi, cha miguu mitatu, cha kupangwa kimoja juu ya kingine, cha mtu anayekula akaondoka. Egg alikibuni kwa hoteli ya shirika la ndege la SAS jijini Copenhagen mwaka 1958, na mbawa zake zinazopanda hadi kichwani humpa mgeni faragha katikati ya ukumbi wenye pilikapilika. Kiti cha Hans Wegner chenye mgongo wa herufi Y, ambacho Carl Hansen & Søn wamekitengeneza tangu 1950, ni kiti cha meza ya chakula. Leo vyote hivyo utaviona kwenye picha vimesukumwa mbele ya kompyuta, na mgongo wa mnunuzi ndio unaokuja kugundua tofauti.

Tuanze na Tulip basi. Eero Saarinen alichoshwa na msitu wa miguu chini ya meza na viti vya kawaida, akataka kuufyeka. Kiti chake, kilichotoka kwa kampuni ya samani ya Knoll mwaka 1957, kinasimama juu ya shina moja linalotanuka chini kama ua lililopinduliwa. Alitamani kitu kizima kiwe cha nyenzo moja, lakini shina jembamba kiasi kile la plastiki lisingebeba uzito wa mtu. Kwa hiyo kikalio kikawa cha faibaglasi na shina likawa la alumini, vyote vikapakwa rangi moja ili jicho lisione kiungo. Mimi nakihesabu kati ya vitu vizuri zaidi vilivyobuniwa karne ile. Lakini ni kiti cha kuzunguka meza ya chakula. Kimo chake ni kimoja tu. Mgongo wake haulali nyuma hata kidogo. Hakina magurudumu, kwa hiyo kila ukitaka kusogea karibu na meza unakiburuta. Na ganda lenyewe limeumbwa likukumbatie katika mkao mmoja. Kwa saa moja ya mazungumzo, mkumbatio huo ni raha. Kwa saa nane za kufasiri, mwili unaotaka kujigeuza, kujinyoosha na kuegemea unakuta kila mlango umefungwa.

Kabla hatujakuchagulia kingine, chukua tepu ya kupimia. Najua inachosha kuambiwa hivyo wakati moyo uko kwenye rangi na ngozi, lakini sehemu kubwa ya malalamiko ya mgongo ninayoletewa ni ya vimo visivyopatana, na kiti kinalaumiwa bure.

Kaa kwenye kiti kigumu, nyayo zote zikiwa sakafuni, ukiwa umevaa viatu au ndara unazovaa ukifanya kazi. Mumeo akupime mara mbili. Kwanza, kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Pili, kutoka kwenye kikalio hadi chini ya kiwiko, bega likiwa limelegea na mkono umekunjwa pembe mraba. Kipimo cha kwanza, ukipunguza sentimita moja au mbili, ndicho kimo cha kikalio kinachokufaa. Ukijumlisha kimo hicho na kipimo cha pili, unapata mahali kibodi inapotakiwa kukaa.

Tuseme goti ni sentimita 42 na kiwiko ni 23. Kikalio kinachomfaa mtu huyo ni 41, na kibodi yake inataka kuwa 64 kutoka sakafuni. Meza yako ni 75. Hebu mweke kwenye kiti cha kawaida cha mezani chenye kimo cha sentimita 45. Visigino vyake vinaanza kuelea, ukingo wa kikalio unabana mapaja kwa chini, na pamoja na hayo yote viwiko vyake viko 68, sentimita saba chini ya meza. Atafanya nini? Atapandisha mabega. Atayapandisha asubuhi hadi jioni, kisha shingo ikimuuma atasema mgongo wa kiti ni mbaya.

Dawa ziko tatu. Ya kwanza ni kiti kinachopanda: kwa mtu wa mfano wetu, kikalio kiinuliwe hadi 52 na miguu iwekewe kibao cha sentimita 11. Ya pili ni droo ya kibodi inayoning'inia chini ya meza. Ya tatu ni kumwita seremala apunguze miguu ya meza, kama meza yenyewe ni ya kawaida. Meza ya kale yenye thamani usiikate, utajuta. Inafaa ujue pia kwamba ofisi za miaka ya 1950 zililijua tatizo hili: meza ya mashine ya kuchapa ilitengenezwa chini kidogo kuliko meza ya kuandikia. Kimo cha 75 kimerithiwa kutoka kwa watu walioandika kwa kalamu.

Pima pia kina cha kikalio. Ukiegemea kabisa, vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti lako. Kikiwa kirefu zaidi ya hapo, utaketi mbele bila kuegemea, na egemeo zuri ulilolilipia litabaki kupumzika peke yake. Kisha angalia mikono ya kiti ikilinganishwa na upande wa chini wa meza, siyo wa juu. Mikono ikigonga ubao, utakaa mbali na kazi yako na kuinamia mbele kutwa nzima. Na kompyuta yako, ikiwa ni mpakato, iinulie skrini juu ya kitu na utumie kibodi ya pembeni, maana hakuna kiti cha mbunifu yeyote kinachoweza kumsaidia mtu anayetazama chini saa nane.

Sasa viti vilivyozaliwa kwa kazi, au vilivyoihamia vikaiweza.

Kile ambacho ningekutafutia wewe kabla ya vingine ni Aluminum Group cha mume na mke wabunifu, Charles na Ray Eames, cha mwaka 1958. Ajabu ni kwamba hakikuanzia ofisini. Kilibuniwa kwa ajili ya nyumba ya mfanyabiashara Irwin Miller mjini Columbus, Indiana, nyumba ambayo Saarinen huyo huyo ndiye aliyeichora, na kilikusudiwa kukaa nje kwenye hewa. Ndiyo maana hakina ganda wala mbao. Ni kipande kimoja kirefu kilichovutwa kati ya mbavu mbili za alumini, kama machela. Unapokaa, kinanesa kidogo na kufuata umbo lako. Pale kiunoni mbavu zimepindwa mbele, kwa hiyo kinakusukuma taratibu pasipo mto. Ofisi zilikichukua upesi. Matoleo ya sasa, yanayotengenezwa na kampuni ya Herman Miller, na kampuni ya Vitra kwa upande wa Ulaya, yanapatikana na bomba la gesi la kupandisha na kushusha, magurudumu, na kitako cha miguu mitano. Ukiishi kwenye joto, chagua kitambaa cha wavu kinachopitisha hewa badala ya ngozi. Kuna ndugu yake wa 1969, Soft Pad, mwenye mito midogo iliyoshonewa juu. Ni laini zaidi, na kwa macho yangu ni mzito kidogo kwa chumba kama chako.

Time-Life ni cha 1960, pia cha Eames, na kilibuniwa kwa jengo la Time-Life, la kampuni ya majarida ya Time, jijini New York. Kina mito minene ya ngozi, na ni kiti cha kukaa muda mrefu kwelikweli. Mwaka 1972, kwenye pambano la ubingwa wa dunia wa sataranji mjini Reykjavik, Bobby Fischer alikalia kiti hicho, na Boris Spassky naye akataka apatiwe cha namna hiyo hiyo. Wachezaji wa sataranji hukaa saa nyingi mfululizo kama wafasiri, kwa hiyo ushahidi wao nauheshimu. Tatizo ni ukubwa. Ndani ya mita 3 kwa 2.6 kitakuwa kama ng'ombe ndani ya kibanda cha kuku.

Charles Pollock aliibunia Knoll kiti cha ofisi katika miaka ya 1960 ambacho wengi hawakijui jina ingawa wamewahi kukiona: ukanda mmoja wa alumini unazunguka kiti chote na kubana ganda na ngozi pamoja. Kinazunguka, kinalala nyuma, na umbo lake limejikusanya vizuri. Vilivyotumika vipo, na aghalabu hudharauliwa kwa sababu havina sifa za Eames. Mimi ningekuwa wewe, hapa ndipo ningetafuta bahati yangu.

Series 7 cha Jacobsen, cha 1955, kina toleo la kuzunguka lenye magurudumu. Kimetengenezwa kwa tabaka za mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja na kupindwa, na mgongo wake unanesa unapouegemea, jambo ambalo Tulip hakiwezi. Mtu anayefanya kazi saa mbili tatu kisha akainuka atakifurahia. Kwa saa zako kinahitaji mto mwembamba wa kukalia na nidhamu ya kusimama kila baada ya nusu saa. Vivyo hivyo viti vya ganda vya Eames, vile vilivyotokana na shindano la samani za bei nafuu la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York mwaka 1948 na kuingia sokoni 1950. Mwanzoni walitaka kuyapiga maganda hayo kwa bati la chuma. Ikashindikana kwa gharama, wakaingia kwenye faibaglasi, na ndipo ulimwengu ukapata kiti cha plastiki cha kutengenezwa kwa wingi.

Utakutana pia na viti vya Pierre Jeanneret vya Chandigarh, India, vya mbao za mtiki na kikalio cha henzerani zilizosukwa, vyenye miguu ya pembe. Hivi kweli vilizaliwa ofisini: vilitengenezwa kwa ajili ya ofisi za serikali za mji mpya uliokuwa ukijengwa katika miaka ya 1950. Navipenda sana. Lakini ni vizito, havipandi wala kushuka, na soko lake limejaa bandia zilizochakazwa makusudi zionekane za kale. Mnunuzi wa mara ya kwanza avikwepe.

Jambo moja la usalama ambalo sitaki lipite. Viti vingi vya kuzunguka vya enzi ile vina kitako cha miguu minne. Cha miguu minne yenye magurudumu hupinduka kwa urahisi zaidi mtu akijinyoosha kando kuokota kitu, na ndiyo sababu viwango vya Ulaya vya viti vya ofisi leo vinataka mitano. Ukipata cha kale cha miguu minne chenye magurudumu, muulize fundi kama kitako kinaweza kubadilishwa, na ukihifadhi kile cha asili. Magurudumu yenyewe yachague kwa sakafu: laini kwa sakafu ngumu, magumu kwa zulia. Yale ya kale ya chuma au plastiki ngumu huchora sakafu ya mbao ndani ya wiki moja.

Na ikiwa fedha haziruhusu hata kimoja kati ya hivyo vya kazi? Nunua kiti kizuri cha kisasa cha ofisi, chenye marekebisho yote, rangi moja iliyotulia, kisha weka fedha na mapenzi yako kwenye kiti cha pili. Chumba hakiharibiki. Kinachokiharibu ni kiti cha kazi chenye mbwembwe kinachoshindana na hicho cha pili.

Hapo ndipo tunafika kwenye kile cha ngozi. Eames Lounge Chair, cha 1956, hakina lawama yoyote kama kiti cha kusomea. Charles Eames alitaka kifanane na glavu ya ngozi ya mchezaji wa besiboli iliyokwisha kuzoea mkono, na alifaulu. Kimelala nyuma kwa pembe isiyobadilika, kwa hiyo mwili wako umekabidhiwa kwake moja kwa moja. Tatizo ni chumba chako. Kiti kina upana na kina cha takriban sentimita 83 kila upande, na stuli ina sentimita 66 kwa 55 hivi. Viweke pamoja kama vinavyotumika, utahitaji urefu unaokaribia mita moja na nusu, na nafasi ya kupita. Nyuma ya kiti cha kazi nako unahitaji kama sentimita 90 ili uweze kuinuka bila kugonga kitu. Chora sakafu yako kwenye karatasi ya miraba uone: utabaki na njia ya kupita kwa ubavu. Kiti hiki kinataka hewa kukizunguka, kitazamwe kutoka ubavuni, na ukikibana kwenye kona unakidhulumu.

Mahali pake ningekupendekezea mojawapo ya viwili. Cha kwanza ni LCW, kiti cha chini cha mbao zilizopindwa ambacho Charles na Ray Eames walikifikia baada ya vita. Historia yake inanigusa kila nikikishika. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia waliwatengenezea wanamaji wa Marekani magango ya mbao nyembamba zilizopindwa kwa joto na gundi, ya kufungia miguu iliyovunjika, zaidi ya 150,000, na humo ndimo walimojifunza kuipinda mbao pande mbili kwa wakati mmoja bila kupasuka. Ujuzi wa kuushika mguu wa majeruhi ndio uliozaa kiti. Upana wake ni kama sentimita 56 tu, ni chepesi, na ingawa hakina mto hata kimoja, utashangaa jinsi kinavyokupokea. Cha pili ni Diamond cha Harry Bertoia, cha 1952. Bertoia alikuwa mchongaji, na kiti chake ni wavu wa fito za chuma ambao mwanga unapita katikati yake. Ni kipana kuliko LCW, lakini kwa jicho hakijazi chumba kwa sababu unaona sakafu na ukuta kupitia kwake. Kivalishe mto wake, maana waya mtupu huacha alama kwenye mapaja.

Mimi ningechagua LCW. Kiweke kwenye kona iliyo mbali na mlango, taa ya kusimama ya shingo ndefu nyuma ya bega lako la kushoto kama unaandika kwa mkono wa kulia, na ukuta wa nyuma uuache mtupu kabisa. Meza iweke ubavu kwa dirisha, mwanga uingie kutoka kando. Ukilipa dirisha mgongo, skrini itang'aa, ukilitazama, macho yatachoka. Ngozi na mbao uziepushe na jua la moja kwa moja, kwani ngozi hukauka na kupauka, na mbao hubadilika rangi kwa mabaka, kila palipokaa kitu pakabaki na kivuli chake. Usihangaike kulinganisha mbao za kiti na za meza. Mbao mbili zinazokaribia kufanana bila kufanana huonekana kama kosa. Ama zifanane kabisa, ama zitofautiane waziwazi, kisha rudia nyenzo moja ndogo: alumini ya kiti cha kazi ionekane tena kwenye shingo ya taa, basi chumba kitazungumza lugha moja.

Kuhusu kununua vilivyotumika, kanuni yangu ni kukipindua kiti kabla ya kukikalia. Muuzaji akikataa, shukuru na uondoke. Chini ndiko kuna chapa ya mtengenezaji, vibandiko, skrubu zilizokwisha kufunguliwa, na ukweli wote. Jua kwanza nani ana haki ya kutengeneza nini. Eames ni Herman Miller, na kwa Ulaya ni Vitra. Saarinen, Bertoia na Pollock ni Knoll. Jacobsen ni Fritz Hansen. Cha Y cha Wegner ni Carl Hansen & Søn, ilhali kile kiti chake cha duara cha 1949, kilichokaliwa na Kennedy na Nixon kwenye mdahalo wa televisheni mwaka 1960, leo kinatengenezwa na PP Møbler. Kiti kipya chenye leseni ni halisi sawa na cha mwaka 1957. Tofauti ni umri tu.

Lounge ni kati ya vinavyoigwa sana, hivyo nikuachie alama zake hata kama utakinunua miaka ijayo. Kiti kina kitako cha miguu mitano na stuli ina minne. Bandia nyingi hukosea hapo hapo. Ukitazama mbao za mgongo kwa nje huoni skrubu hata moja. Mgongo hauna kitasa cha kuulaza. Cha kale cha rozwudi ya Brazili kina mtego mwingine: mti huo uliingizwa mwaka 1992 kwenye orodha kali zaidi ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, kwa hiyo kukivusha mpaka bila hati kunaweza kukupotezea kiti na fedha pamoja.

Kisha kuna magonjwa ya uzee, na haya nayajua kwa mikono yangu. Viti vya Eames vya mbao na vya ganda vimeunganishwa kwa vipande vya mpira vilivyogandishwa kwa gundi. Mpira huo hukauka. Kwa nje kiti kinang'aa, siku moja mtu anaegemea kwa nguvu na mgongo unachomoka; kwenye Lounge mara nyingi unachomoka pamoja na kipande cha mbao. Bonyeza mpira kwa kucha: ukiwa mgumu kama jiwe au una nyufa, hesabu gharama ya kuubadilisha ndani ya bei. Series 7 na Ant hupasuka pale kiunoni palipo pembamba. Pitisha kidole pole pole pande zote mbili na usikilize kiti kikipindwa. Ganda la faibaglasi lichunguze kuzunguka matundu ya skrubu, na nyuzi zikiwa zimejitokeza juu zinazochoma, lipigwe msasa na kupakwa upya kabla ya kukaliwa. Usilipige msasa wewe mwenyewe ndani ya nyumba, vumbi lake si la kuvuta. Kikalio cha Y kimesukwa kwa kamba ya karatasi ya mita 120 hivi, na kikilegea hakijafa, kinasukwa upya na kiti kinaendelea miaka mingi.

Je, nakala zisizo na leseni? Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na baadhi zimekaza: Uingereza, kwa mfano, tangu 2016 inazilinda kazi za namna hii kwa miaka 70 baada ya kifo cha mbunifu. Lakini hata ukiweka sheria kando, nimefungua nakala nyingi mezani kwangu na karibu kila mara kilichobadilishwa ni kile kile kinachokifanya kiti kiwe kizuri kukalia: pembe ya mgongo, unene wa tabaka, ulaini wa mpira. Picha wameiga, mkao hawakuuiga. Badala ya nakala, tafuta kiti kizuri cha miaka ile kisicho na jina, cha seremala aliyeijua kazi yake. Vipo vingi, bei yake ni ya kibinadamu, na vingine vimenifunza zaidi kuliko vile vyenye saini.

Fuata mpangilio huu basi: vipimo vyako wiki hii, kiti cha kazi kwanza, ukikalie miezi miwili mitatu, ndipo utafute cha kona. Popote utakapokwenda kukijaribu, omba ukalie nusu saa nzima na kitabu mkononi. Dakika tano za kwanza kila kiti ni kitamu.

Na Tulip usikiache. Kipeleke kwenye meza yenu ya chakula, pale Saarinen alipokikusudia. Chagua sakafu iliyo sawa, kwa sababu kitako kile cha duara huyumba pakiwa na mwinuko mdogo tu, na ukagure rangi ya shina karibu na sakafu, ndipo inapoanza kubanduka kwa kupigwa na viatu na ufagio.